Mzinga wa ZiS-3 wa Jeshi Jekundu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kusoma habari za vita vya Wasovieti na Wajerumani hukutana na mzinga huu mapema, kwa kuwa umo karibu katika kila picha ya mapigano ya 1942 hadi 1945. Maswali yanayoulizwa juu yake hurudi yaleyale. Tumeanza na ya msingi, na yale yenye utata yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

ZiS-3 ni nini hasa?

Ni mzinga wa kukokotwa wa milimita 76.2 uliotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti na kupokelewa rasmi jeshini tarehe 12 Februari 1942. Kwenye makaratasi uliitwa mzinga wa divisheni wa milimita 76 wa mwaka 1942. Kuitwa "wa divisheni" kuna maana yake: ulikuwa silaha ya rejimenti ya mizinga iliyo ndani ya divisheni ya askari wa miguu. Kazi yake ilikuwa kubomoa viota vya bunduki za rashasha, kutawanya askari wanaokusanyika kushambulia, kufungua njia kwenye seng'enge na, vifaru vikitokea, kupambana navyo uso kwa uso.

Ukiwa tayari kufyatua ulikuwa na uzito wa kilo 1,116 hivi. Ulihudumiwa na watu 7. Masafa yake ya mwisho yalikuwa kilomita 13 na ushei.

Herufi ZiS zinasimama badala ya nini?

Ni kifupi cha maneno ya Kirusi Zavod imeni Stalina, yaani kiwanda chenye jina la Stalin. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu viwanda vyenye jina hilo vilikuwa zaidi ya kimoja. Mzinga huu ni wa Kiwanda Na. 92 cha mji wa Gorky, ambao leo unaitwa Nizhny Novgorod. Lori maarufu la ZiS-5 lilitoka kiwanda kingine kabisa, cha magari, kilichokuwa Moscow. Tena kuna mzinga wa ZiS-5 uliofungwa kwenye kifaru cha KV-1, na huo ni wa Gorky. Ukikuta "ZiS-5" kwenye maandishi, soma sentensi yote kabla ya kuamua kinachozungumzwa.

Nani aliubuni?

Vasily Grabin, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1980, pamoja na wahandisi wa ofisi yake ya usanifu pale Gorky. Mikono yao imo katika sehemu kubwa ya mizinga ya Wasovieti ya vita hivyo: F-22, USV, ZiS-2, mzinga wa F-34 wa kifaru cha T-34, na baadaye BS-3 wa milimita 100. Kinachomtofautisha Grabin na wabunifu wengi wa zama zake ni kwamba aliwaketisha wasanifu na mafundi wa kiwandani meza moja tangu mchoro wa kwanza. Kifaa kikichorwa, anayekitengeneza alikuwa ameshasema kama kinatengenezeka kwa mashine zilizopo.

Kwa nini milimita 76.2, wakati wengine walitumia 75?

Ni inchi 3 kamili. Urusi ya Tsar ilikuwa na mzinga wa inchi 3 wa mwaka 1902, na viwanda vya makombora vikajengwa kuufuata. Miaka arobaini baadaye ZiS-3 bado ilifyatua risasi za ukoo huohuo. Nchi yenye maghala yaliyojaa makombora ya kipimo kimoja, na mashine za kutengeneza mengine, haibadili kipimo adui akiwa mlangoni.

## Ulivyozaliwa

Mizinga iliyoutangulia ilikuwa na kasoro gani?

F-22 wa mwaka 1936 ulibeba mzigo wa fikra za wakati wake. Wakuu wa jeshi walitaka mzinga mmoja ufanye kila kitu, hadi kutungua ndege, hivyo mtutu ukapewa uwezo wa kuinuka nyuzi 75. Matokeo yake ukawa mzito, zaidi ya kilo 1,600, wenye vipande vingi na usiofaa sana kwa ndege. Gurudumu la kuinua mtutu lilikuwa upande mmoja na darubini ya kulengea upande mwingine, jambo gumu mno unapofuata kifaru kinachotembea.

USV wa mwaka 1939 ulirekebisha mengi, ila ulibaki na uzito wa kilo 1,400 na zaidi. ZiS-3 ndiyo iliyokata mafuta yote.

Ni kweli ulianza kutengenezwa bila ruhusa?

Ndiyo, na kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu.

Mwanzoni mwa 1941 utengenezaji wa mizinga ya divisheni ya milimita 76 ulisimamishwa. Ilionekana maghala yanayo ya kutosha, na taarifa za kijasusi juu ya vifaru vizito vya Ujerumani ziliwafanya wakuu kutaka mizinga mikubwa zaidi, hata ya milimita 107. Hata hivyo ofisi ya Grabin ilikuwa imeshaanza kazi yake kimya kimya. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: wachukue behewa (fremu yenye magurudumu inayobeba mtutu) la mzinga wao mpya wa kupigia vifaru, ZiS-2 wa milimita 57, waweke juu yake mtutu wa milimita 76, kisha mdomoni waweke breki ya kupunguza teke ili behewa hilo jepesi lilistahimili.

Juni 1941 Wajerumani wakavamia. Katika miezi michache Jeshi Jekundu likapoteza maelfu ya mizinga, na ile "ya kutosha" haikuwepo tena. Mzinga mpya ulipoonyeshwa kwa Marshali Grigory Kulik kiangazi hicho, aliukataa. Alitaka viwanda viendelee na aina zilizokwisha zoeleka. Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo.

Grabin na mkurugenzi wa kiwanda, Amo Elyan, walikuwa wameagizwa kuzalisha USV kwa wingi. Wakaanza kutoa ZiS-3 badala yake. Maofisa wa jeshi waliokaa kiwandani kukagua silaha waligoma kuipokea bila kibali, lakini kwa njaa ya mizinga iliyokuwapo huko mbele, ikapokelewa na kupelekwa vitani. Mapema Januari 1942 ikaonyeshwa kwa Stalin, naye akaisifu kama kazi bora ya usanifu wa mizinga, kwa mujibu wa alivyosimulia Grabin mwenyewe. Mwezi uliofuata karatasi zikatiwa saini, wakati mzinga wenyewe ulikuwa umeshamwaga damu ya adui.

Tukumbuke jambo moja hapa. Katika nchi ile, miaka ile, kutotii amri kulikuwa kucheza na shingo yako. Uamuzi wa Elyan na Grabin ulikuwa wa ujasiri wa kweli.

Kwa nini ilitengenezwa mingi kuliko mingine?

Kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza. F-22 ulikuwa na vipande 2,080. USV ulikuwa na zaidi ya elfu moja. ZiS-3 ilikuwa na 719.

Kila kipande kilichoondolewa ni saa za fundi zilizookolewa, ni mashine iliyoachwa huru, ni chuma kilichobaki. Sehemu nyingi zilizokuwa zikichongwa zikawa za kumiminwa, kugandamizwa au kuunganishwa kwa kuchomelea. Kiwanda kikapanga kazi kwa mstari, kila mtu na hatua yake, kama mpishi wa shughuli kubwa anayempa mmoja kumenya, mwingine kukata na mwingine kukoroga, hata asiyejua kupika pilau nzima akawa na mchango wake. Jambo hili lilikuwa la lazima. Mafundi wazoefu walikuwa wameitwa vitani, na nafasi zao zilishikwa na wanawake na vijana waliojifunza kazi wakiwa kazini.

Kuhusu idadi yake, soma swali la hesabu kwenye sehemu ya mwisho.

## Unavyofanya kazi

Kile kitu chenye matundu mdomoni mwa mtutu ni cha nini?

Ni breki ya mdomoni. Baruti inapolipuka, kombora linasukumwa mbele na mtutu unapiga teke nyuma. Gesi inayotoka nyuma ya kombora hugonga kuta za breki hiyo na kuelekezwa pembeni na nyuma kidogo, hivyo inauvuta mtutu mbele wakati wenyewe unarudi nyuma. Karibu theluthi ya nguvu ya teke huondolewa. Kinachobaki humezwa na mitungi ya mafuta na hewa iliyoshikamana na mtutu, ambayo pia huurudisha mtutu mahali pake.

Faida yake ni ule wepesi uliotajwa juu. Hasara yake ni vumbi. Gesi inayotupwa pembeni huinua wingu la mchanga au theluji mbele ya mzinga, na adui mwenye darubini analiona mara moja. Wapiga mizinga walijifunza kumwagia maji ardhi iliyo mbele yao walipokuwa na maji na nafasi.

Inawezekanaje kufyatua mara 25 kwa dakika?

Mambo matatu yanasaidia. La kwanza, risasi ni kitu kimoja: kombora na ganda lenye baruti vimeshikana, hakuna kupakia mara mbili. La pili, komeo la chuma linaloziba nyuma ya mtutu hufanya kazi nusu yenyewe. Mtutu ukirudi kutoka kwenye teke, komeo hushuka na kutupa ganda tupu; mpakiaji akisukuma risasi mpya, linapanda na kufunga. La tatu, mlengaji alikuwa na darubini na magurudumu yote mawili ya kuelekezea upande wake wa kushoto, hana haja ya kumpigia mwenzake kelele.

Lakini 25 ni kasi ya dharura, ya kifaru kinapokaribia. Kazi ya kawaida ya saa nzima ilikwenda polepole zaidi, maana mtutu unaochemka huharibika.

Unaweza kupiga usichokiona?

Ndiyo. Ulikuwa na darubini ya panorama inayomwezesha mlengaji kupima pembe kwa kutumia alama nyingine, huku mwangalizi aliye mbele akitoa marekebisho kwa simu au redio. Mtutu uliinuka hadi nyuzi 37, na uliweza kuzungushwa ndani ya nyuzi 54 bila kuisogeza miguu ya behewa.

Kikomo chake ni umbo la njia ya kombora. Linakwenda kasi na karibu kunyooka, hivyo aliyejificha nyuma ya kilima kikali au ndani ya korongo hapatikani kirahisi. Kazi hiyo iliachiwa hawitza ya M-30 ya milimita 122, inayorusha juu na kudondosha.

Ulitumia makombora ya aina gani?

Lililotumika zaidi ni la mlipuko, OF-350, lenye kilo 6.2, linaloondoka mdomoni kwa kasi ya mita 680 hivi kwa sekunde. Kulikuwa na la kutoboa deraya (bamba la chuma linalokinga kifaru), BR-350, na kuanzia 1943 likaongezwa jepesi lenye kiini kigumu, BR-354P, la kilo 3 tu lakini lenye kasi ya mita 950 kwa sekunde. Yalikuwapo pia ya moshi, ya kuchoma, na lile la kutisha lililojaa vigololi vya kupigia askari waliokwisha kukaribia mno.

Ulikokotwa na nini?

Mwanzoni, mara nyingi farasi 6. Ukiunganishwa na kigari chake cha risasi, msafara wote ulikuwa na uzito wa kilo 1,850. Baadaye malori ya Marekani yaliyokuja kama msaada yalibadilisha hali, hasa Studebaker, pamoja na magari madogo ya Dodge. Magurudumu yake yalijazwa mpira wa sifongo badala ya upepo, hivyo kipande cha bomu hakikuweza kuliacha tairi limelala. Kwa mwendo mfupi watu wake wenyewe waliusukuma kwa mabega, na uwezo huo uliokoa maisha mengi.

## Vitani

Kwa nini Wajerumani waliuita Ratsch-Bum?

Ni mwigo wa sauti mbili. Kombora lilitembea kwa kasi karibu maradufu ya ile ya sauti hewani. Kwa aliyepigwa, mlio wa kwanza ulikuwa wa kombora kupasuka karibu naye, kisha ndipo ukaja mshindo wa mzinga kutoka mbali. Askari aliyezoea kusikia mlio na kujirusha chini hakupata nafasi hiyo. Jina hili lilitumika pia kwa F-22 na USV, hivyo likitajwa kwenye barua ya askari wa Kijerumani si lazima liwe la ZiS-3.

Je, uliweza kumaliza kifaru cha Tiger?

Kwa mbele, kwa kombora la kawaida, hapana. Kombora la kawaida la kutoboa lilipenya takriban milimita 70 za deraya iliyosimama wima kwa umbali wa mita 500. Mbele ya Tiger palikuwa na milimita 100, na ubavuni 80. Panther, kifaru kingine cha Wajerumani, ulikuwa na bamba la mbele la milimita 80 lililolazwa mshazari, gumu zaidi kuliko tarakimu inavyoonyesha, ingawa ubavu wake ulikuwa mwembamba na ZiS-3 iliuweza.

Mwaka 1942 jambo hili halikuwa tatizo kubwa, kwa kuwa vifaru vingi vya Ujerumani vilikuwa na deraya nyembamba zaidi na mzinga huu uliviweza. Kuanzia mapigano ya Kursk, Julai 1943, mizani ilihama. Njia iliyobaki ilikuwa akili na roho ngumu. Mizinga ilipangwa kwa makundi chini ya kamanda mmoja, ikafichwa vizuri, ikaacha vifaru vikaribie, kisha yote ikapiga kimoja kwa pamoja kutoka pande tofauti. Kifaru kikigeuka kumkabili mmoja, kinampa mwingine ubavu. Minyororo ilipigwa ili kisimame. Kombora la BR-354P lilisaidia kwa masafa mafupi, ila lilikuwa adimu na lilitolewa kwa hesabu kali.

Suluhisho la kiufundi lilikuwa kurudisha ZiS-2 kiwandani mwaka 1943. Utengenezaji wake ulisimamishwa mwishoni mwa 1941, mtutu wake mrefu ukiwa mgumu kuutengeneza na nguvu zake zikionekana kuzidi mahitaji. BS-3 ya milimita 100 ilifuata 1944.

Maisha ya wapiga mizinga hii yalikuwaje?

Mafupi, kwa wengi. Rejimenti za kupambana na vifaru zilizopewa ZiS-3 zilikaa pale ambapo vifaru vilitarajiwa, na kupiga kwa kulenga moja kwa moja maana yake ni kwamba ukimwona naye anakuona. Ngao ya chuma ilizuia risasi za bunduki na vipande vya bomu. Kombora la kifaru haikulizuia.

Julai 1942 askari wa vikosi hivyo walipewa alama ya mkononi yenye mitutu miwili iliyopishana, mshahara wa juu, na zawadi ya fedha kwa kila kifaru kilichoharibiwa. Serikali ilijua inawaomba nini.

Uliifaa vita ya mijini?

Sana. Stalingrad, na baadaye Berlin mwaka 1945, mizinga hii ilisukumwa mitaani pamoja na askari wa miguu, ikapiga madirisha na milango kwa umbali wa makumi machache ya mita. Hawitza nzito ilibomoa zaidi, lakini huwezi kuipitisha juu ya kifusi kwa mabega ya watu 7.

Basi ulikuwa bora kuliko mizinga ya Wajerumani?

Swali hili halina jibu la neno moja, na wanaolijibu kwa ushabiki hawawatendei haki waliokuwako. Divisheni ya Kijerumani ilitegemea hawitza ya milimita 105, ambayo kombora lake la kilo 14.8 lilikuwa zaidi ya maradufu ya lile la ZiS-3. Kwa kubomoa mahandaki Wajerumani walikuwa mbele. Lakini hawitza hiyo ilikaribia kilo 2,000, ilikuwa ghali zaidi, na haikuumbwa kukimbizana na vifaru. Wasovieti walichagua silaha inayoweza kutengenezwa kwa maelfu na kuhamishwa haraka, wakaiunganisha na M-30. Kwa hali waliyokuwa nayo mwaka 1942, naona walichagua sawasawa.

## Maswali ya pembeni

Kifaru cha T-34 kilibeba mzinga huuhuu?

Hapana, ingawa ni ndugu. T-34 ya milimita 76 ilibeba F-34 wa Grabin, uliofyatua risasi zilezile. Gari la SU-76, lenye mzinga ndani ya kizimba kilicho wazi juu, ndilo lililobeba ZiS-3 yenyewe ikiwa na marekebisho madogo. Mzinga mfupi wa rejimenti wa mwaka 1943 ulikuwa na kipenyo hichohicho lakini risasi zake haziingiliani na hizi.

Wajerumani waliutumia waliouteka?

Ndiyo, kwa jina la FK 288(r), herufi ya mwisho ikionyesha asili ya Kirusi. Ila walioupenda zaidi ni F-22, waliouteka kwa wingi 1941. Waliupanua chumba cha baruti, wakauwekea breki mdomoni, wakahamisha gurudumu la kuinulia upande wa mlengaji, wakauita Pak 36(r). Ulipigana hata katika jangwa la Libya chini ya jenerali wa Kijerumani Rommel. Kwa hiyo picha ya "mzinga wa Kirusi" Afrika Kaskazini karibu daima ni F-22, si ZiS-3.

Ulifika Afrika Mashariki?

Baada ya vita ulisambazwa kwa nchi nyingi rafiki wa Moscow, na China ilitengeneza wa kwake kwa jina la Aina ya 54. Orodha za kimataifa za silaha za majeshi zimeutaja miongoni mwa mizinga ya Tanzania na ya Uganda. Jeshini kwa Wasovieti wenyewe nafasi yake ilichukuliwa na D-44 ya milimita 85.

Kwa nini hesabu za mizinga iliyotengenezwa zinapingana?

Kwa sababu waandishi hawahesabu kitu kimoja. Wengine huhesabu ya kukokotwa pekee, wengine huongeza iliyofungwa kwenye SU-76, na wapo wanaojumlisha hata USV. Kabla ya kubishana, uliza kwanza nini kimehesabiwa. Kwa hesabu yoyote ile ni makumi ya maelfu.

Nikiwa makumbusho nitautambuaje?

Anza mdomoni. Ukiwa na breki, si USV, na si F-22 wa asili. Ukiwa na mtutu mrefu mwembamba usio na breki juu ya behewa linalofanana kabisa, huo ni ZiS-2. Kisha tazama kimo: ZiS-3 iko chini, haifiki kimo cha mtu mzima. Ukiona breki juu ya behewa kubwa na zito, huenda ni Pak 36(r). Makumbusho ya Mizinga ya Saint Petersburg ni mahali pazuri pa kujizoeza macho, kwa kuwa kazi za Grabin ziko hapo nyingi. Shika daftari, andika tarakimu zilizogongwa kwenye chuma, na usiamini kibao cha maelezo kabla ya kuangalia mdomo wa mtutu.